Insha ya Maji Isiyo na Dumu

“Maji ni kimiminika kisicho na rangi, harufu wala ladha.” Hivyo ndivyo ilivyoanza insha ya mpwa wangu, binti wa kidato cha tatu, aliyenijia Jumamosi moja asubuhi, daftari kwapani na dumu tupu la lita 20 mkononi. Dumu aliliacha kibarazani. Daftari alinikabidhi kwa mikono miwili.

“Shikamoo mjomba. Naomba uipitie kabla sijaipeleka Jumatatu.”

“Marahaba mwanangu. Swali linasemaje?”

Lilikuwa limenakiliwa juu ya ukurasa kwa wino wa bluu: andika insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu umuhimu wa maji katika eneo unaloishi.

Nikasoma. Maji yalizalisha umeme, yakabeba meli, yakamwagilia mashamba ya mpunga, yakavuta watalii. Mwisho yakawa uhai, na hatukuwa na budi kuyatunza. Tahajia ilikuwa safi, aya zilikuwa zimepangwa vizuri, maneno yalikuwa 271. Lakini Singida haikuwemo. Huyu ni mtoto wa mji uliokaa kando ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote mawili ya chumvi, mji unaokunywa maji ya visima virefu huku heroe wakitembea ziwani mbele ya macho ya watu. Asubuhi ile ile alikuwa njiani kwenda kuchota maji. Hakuna hata tone moja la hayo lililoingia kwenye daftari.

“Dumu liko wapi?” nikamuuliza.

Akageuka kutazama mlangoni. “Nimeliacha nje, mjomba.”

“Nauliza humu,” nikagonga ukurasa kwa kidole.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Kwani hilo nalo linaandikwa?”

Sijapata usingizi mzuri kwa sababu ya swali hilo. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka yote hiyo nilisahihisha insha ambazo waandishi wake walikuwa wamejiacha kibarazani pamoja na madumu yao. Wakipewa mada ya rafiki, wanaanza: rafiki ni mtu ambaye. Wakipewa ajali: ajali ni tukio la ghafla ambalo. Wakiambiwa waeleze siku wasiyoisahau, wapo waliofasili siku. Fasili ni ufunguo unaoingia katika kila kitasa, na mwanafunzi mwenye hofu akishaupata hauachi. Huo siuiti uvivu. Ni akili ya mtu aliyejifunza kwamba swali ni hatari, na kwamba salama iko katika kuandika kile ambacho hakuna awezaye kukikataa. Nani atabisha kwamba maji ni kimiminika?

Sisi walimu ndio tuliowapa ufunguo huo, na naomba nianze na mimi mwenyewe. Mwaka mmoja, mtihani wa moko ulipokaribia, niliandika ubaoni insha ya mfano kuhusu safari ya kwenda Dar es Salaam. Basi linaondoka Singida alfajiri, linapita Manyoni na Dodoma, linapata pancha Gairo, abiria wanashuka, wanakula mahindi ya kuchoma, wanafika Ubungo usiku. Nilitaka wanafunzi waone jinsi masimulizi yanavyopangwa. Wao waliona kitu kingine. Mtihani ulipokuja na swali la safari, darasa zima lilipata pancha Gairo. Muhula uliofuata swali lilikuwa la ajali, na basi lile lile likapinduka pale pale. Nilipowapa mada ya siku nisiyoisahau, basi likarudi tena na mahindi yake. Wengi wao hawakuwahi kufika Dar es Salaam. Walikuwa watoto wa wakulima wa alizeti na vitunguu, waliojua mambo ambayo mimi sikuyajua: jinsi ya kuusoma upepo kabla ya kupepeta, bei ya kuku inavyopanda basi likisimama barabarani, namna mashudu yanavyonukia mashine ya kukamua inapoanza kupata moto. Nilikuwa nimewafundisha kwamba pancha ya mwalimu ina thamani kuliko hayo yote.

Kuna sababu zake, na anayewalaumu walimu bila kuzijua hawatendei haki. Mwalimu mwenye mikondo mitatu anarudi nyumbani na rundo la madaftari ambalo hata akikesha haliishi. Mezani ana mwongozo wa usahihishaji unaomwelekeza atafute kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho na idadi ya maneno. Kichwa kinaonekana kwa kutupa jicho. Utangulizi ukiwa na fasili unaonekana haraka zaidi. Sentensi iliyotoka katika maisha ya mtoto inataka isomwe polepole, na muda wa kusoma polepole ndio hasa mwalimu hana. Basi tunatuza kinachoonekana upesi, mtoto anatambua tunachotuza, na mwaka unaofuata anatuletea hicho hicho kwa wingi.

Neno insha lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kuanzisha, kuumba, kutunga kitu ambacho hakikuwapo. Mfaransa Michel de Montaigne, aliyechapa insha zake za kwanza mwaka 1580, alizipa jina ambalo kwa lugha yake lina maana ya majaribio. Kuumba na kujaribu. Katika asili zote mbili sioni kukumbuka.

Kwa nini nasema hivi kwa ukali? Kwa sababu ninao mfano wa Mtanzania aliyepewa kazi ya kuandika, akaijibu kwa namna ambayo ningetamani kila mtoto wa Singida aione. Kati ya mwaka 1943 na 1945 Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi wa ualimu Makerere. Alishiriki mashindano ya uandishi, na mojawapo ya insha zilizompatia ushindi ilihusu kutiishwa kwa wanawake. Alikuwa amemsoma Mwingereza John Stuart Mill, ambaye kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1869. Fikiri mwanafunzi mzuri wa siku hizi, akiwa na kitabu kama hicho mkononi, angefanya nini. Angemfupisha Mill kwa utaratibu, aya kwa aya, angempongeza mwishoni, na angepata alama zake.

Nyerere alimchukua Mill akampeleka Butiama. Aliyapima mawazo ya Mwingereza yule kwa maisha ya Wazanaki. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Julius, alikuwa wa tano. Kijana yule alikuwa ameona kwa macho yake wanawake wakilima, wakichota, wakibeba, wakipika, wakinyamaza. Alijua uzito wa kazi zao kabla hajaujua mlango wa maktaba. Kitabu kilimpa hoja, nyumbani kulimpa ushahidi, na insha ikazaliwa pale vilipokutana. Naamini wasahihishaji wake walikuwa wamekwishasoma Mill. Boma la Burito ndilo walilokuwa hawajalisoma.

Nilipomweleza mpwa wangu habari hiyo, alikaa kimya kidogo kisha akasema jambo la busara: “Lakini mjomba, yeye alikuwa anaandika insha ya aina moja. Sisi tunaandikishwa kila kitu.” Ni kweli. Katika miaka minne ya sekondari mtoto anaambiwa aandike insha za wasifu, za hoja na za kisanaa, barua ya kirafiki na barua rasmi, risala, hotuba, tangazo, ripoti, kumbukumbu za mkutano, ufupisho, dayolojia. Historia inamtaka hoja sita, Jiografia inamtaka maelezo ya mchoro, Biolojia inamtaka ripoti ya jaribio. Kila moja ina umbo lake. Ndiyo maana wengi huona afadhali kukariri maumbo, kama mtu anayehesabu nguzo za nyumba bila kuuliza nani anaishi ndani.

Mimi humwuliza mwanafunzi maswali mawili tu kabla hajagusa kalamu. Nani anasema, na anamwambia nani? Chukua risala na hotuba, ambazo kila mwaka huwachanganya maelfu. Vitabu hutoa tofauti zake kwa orodha, na orodha husahaulika. Lakini kila mtoto wa Singida amehudhuria mahafali. Amemwona mhitimu mmoja akisimama mbele ya mgeni rasmi na karatasi mikononi, akisema sisi wahitimu, akitaja idadi yao, mafanikio ya shule, kisha upungufu wa madawati na matundu ya vyoo, kisha ombi. Halafu amemwona mgeni rasmi akiinuka kujibu. Yule wa kwanza alitumwa na kundi, anasema kwa niaba, hawezi kuongeza la kwake wala kupotea njia, na anayeambiwa ana uwezo wa kutoa. Yule wa pili anasema kwa mamlaka yake, anaweza kushauri, kuonya, kuahidi, hata kusimulia habari za utoto wake. Ukishaliona hilo uwanjani huhitaji tena kuambiwa risala huwa fupi kwa nini. Inasomwa na mtoto aliyesimama juani mbele ya mtu mkubwa anayesubiri kusema.

Barua nazo ni hivyo hivyo. Barua ya kirafiki ina anwani moja kwa sababu rafiki anajua anakokaa. Barua rasmi ina anwani mbili, kumbukumbu namba na YAH kwa sababu itapita mikononi mwa karani ambaye hakujui, itafunguliwa faili, na baada ya miaka mitatu mtu mwingine kabisa atataka kujua ilihusu nini bila kuisoma yote. Nimeona vijana wakiandika barua ya kuomba kazi inayoanza kwa kumjulia hali meneja na familia yake. Adabu yao ni njema, ila wamesahau meneja anaisoma akiwa na barua nyingine 80 mezani.

Kizazi chetu kilifundishwa hata simu ya maandishi, ile iliyopelekwa Posta, ambayo kila neno lililipiwa. BABA MGONJWA NJOO. Maneno matatu, na familia ilikuwa imekaa kikao kizima kuamua neno la nne liwemo au la. Simu hiyo imekwisha, na sioni haja ya kuifufua madarasani, lakini sijapata tena somo zuri kama lile la kumfundisha mtoto kwamba neno lina gharama kwa anayelituma na kwa anayelipokea.

Na kumbukumbu za mkutano, ambazo wanafunzi huziona kama adhabu: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa, yatokanayo, mengineyo. Nilikaa katika kikao cha mtaa ambapo mgogoro wa mpaka wa kiwanja uliisha kwa dakika tano kwa sababu katibu wa miaka iliyopita aliandika vizuri, kwa mwandiko wa shule, nani alikubali nini na siku gani. Katika kikao kingine mgogoro kama huo uliendelea hadi watu wakakosana, kwa sababu daftari lilisema tu kwamba wajumbe walijadiliana kwa kina. Mwanafunzi anayeandika kumbukumbu za mkutano wa kubuni wa klabu ya kubuni hajui kwamba siku moja ardhi ya mama yake inaweza kusimama juu ya ukurasa kama huo.

Shaaban Robert, karani wa serikali aliyezaliwa mwaka 1909, aliishi katika maumbo haya yote. Aliandika mashairi na tenzi, hadithi za nchi za kufikirika, wasifu wa Siti binti Saad, maisha yake mwenyewe, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake Kielezo cha Insha. Kisha kuna barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, zilizochapishwa baadaye kama kitabu. Ukimweka yule wa tenzi kando ya yule wa barua unaona mtu mmoja anayejua kila mara anazungumza na nani. Kwa ndugu yake hahubiri kama anavyohubiri kwa wasomaji.

Nirudi kwenye mtihani, maana mtoto hawezi kuishi kwa Shaaban Robert peke yake, na mzazi anayesoma makala haya anataka kujua kijana wake atapitaje NECTA. Swali lina kitenzi, na kitenzi ndicho kinachotoa amri. Eleza, fafanua, linganisha, tathmini, jadili. Nimesahihisha karatasi ambazo ningeapa mwandishi alisoma nomino tu. Akiona jina Ngoswe anaanza kusimulia tamthiliya ya Edwin Semzaba kuanzia karani wa sensa anapoingia kijijini hadi karatasi zinapoungua, hata kama swali lilimtaka atoe hoja tatu kuonyesha jinsi uzembe wa mtumishi unavyoiumiza jamii, kisha hoja nyingine tatu kutoka tamthiliya ya pili. Anajua kitabu chote. Anapata alama za mtu asiyekijua, na anatoka chumbani akilia kwamba ameonewa. Kusimulia ni kumpa msomaji kitabu. Swali lilimtaka akitumie kitabu kuthibitisha jambo, na hizo ni kazi mbili.

Kitenzi kigumu kuliko vyote ni jadili. Watoto wetu wamelelewa vizuri, hawabishani na wakubwa, na karatasi ya mtihani ni mkubwa kuliko wakubwa wote. Ukiwaambia “Ukoloni ulileta maendeleo Tanganyika, jadili”, wengi watakubali mara sita au watakataa mara sita. Nawaambia: panda treni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Imepita Manyoni na Itigi, ndani ya mkoa wetu. Je, bibi yako aliitumia? Ndiyo. Ilijengwa kwa ajili yake? Hapo ndipo mjadala unapoanza, na mwanafunzi wa Itigi ana la kusema ambalo kitabu cha kiada kimelipita mbio.

Jambo hili huniumiza zaidi katika insha za upinzani dhidi ya wakoloni. Muulize mwanafunzi wa Singida Mjini mifano, atakupa Mkwawa na Kinjekitile, na ni sawa awape, ni mashujaa wetu. Kisha jioni anakwenda kutazama mpira katika Uwanja wa Liti, anaketi, anashangilia, anarudi nyumbani. Liti ni jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi za wazee zinasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Asali ya Singida inajulikana nchi nzima, nyuki wetu wamo hata katika simulizi za vita, na mtoto hajui kwamba jina lililo juu ya lango ni hoja ya Historia. Najua msahihishaji wa mbali anaweza kuwa na mwongozo usiomtaja Liti. Kwa hiyo simshauri mtoto amtupe Mkwawa. Namshauri ajenge hoja kwa mambo yanayojulikana, kisha mfano mmoja autoe kwao na aufafanue vya kutosha ili mgeni aelewe. Msahihishaji aliyesoma karatasi 40 zinazofanana atakaa wima akifika hapo.

Kuna lugha pia, na siwezi kuiruka. Mtoto wetu anaweza kuongea Kinyaturu au Kinyiramba na bibi yake, akasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha mwezi wa kwanza wa kidato cha kwanza akatakiwa aandike insha za masomo karibu yote kwa Kiingereza. Hapo kukariri kunageuka kuwa boya la mtu anayezama. Nisingethubutu kumwambia aache boya akiwa katikati ya maji. Nimwambie tu apange mawazo yake kwa lugha anayofikiri nayo, kwenye karatasi ya pembeni, hata kwa maneno matano yaliyoparazwa, ndipo aandike Kiingereza kifupi na chepesi chake mwenyewe. Sentensi yenye kosa la kitenzi lakini inayosema jambo naweza kuisahihisha. Aya nzuri iliyonakiliwa, ambayo mwenyewe haielewi, sina la kuifanya.

Wakifika chuoni mambo huwa makubwa zaidi. Hapa mjini wapo watu wazima wanaosoma Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wengi wao wakiwa kazini mchana na kusoma usiku. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo maandishi ni karibu sauti yake yote, kwa kuwa mhadhiri wake humwona mara chache. Nawaheshimu sana watu hao. Ninaowahofia ni vijana wanaotoka sekondari na ufunguo wao wa fasili, wanapewa asaimenti ya kurasa kumi, na ufunguo hauingii. Hapo ndipo wanapogundua madesa ya waliowatangulia, na meza ya steshenari ambapo kazi ya mwaka jana hubadilishwa jina na tarehe ikachapwa upya. Kijana mmoja aliniomba nimpitie ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Alikuwa amefanyia mafunzo hapa hapa Singida, wiki nane, katika ghala la mazao. Ripoti ilizungumzia changamoto za upakuaji bandarini. Hakuwa amebadilisha sura ya tatu.

Na sasa ipo akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwenye simu anaweza kupata insha ya umuhimu wa maji kwa muda mfupi kuliko wa kujaza dumu. Wenzangu wengi wanalia kwamba mashine imeua uandishi. Mimi naona imetuonyesha tulichokuwa tukikiita uandishi. Insha ya mpwa wangu ya Jumamosi ile, yenye umeme na meli na mpunga, mashine ingeiandika bila shida, na huenda ingekuwa na fasili ile ile. Haikuhitaji mtu wa Singida. Mashine inakariri kuliko mtoto yeyote, na tukiendelea kuwashindanisha katika kukariri tumewahukumu watoto washindwe. Lakini simu haijawahi kubeba maji kichwani. Haijui kwamba dumu likiwa na ufa mdomoni unalifunga kwa karatasi ya nailoni kabla ya kifuniko, au kwamba kwenye foleni ya maji ndiko unakosikia nani kaolewa na nani kafukuzwa shule.

Kwa walimu wenzangu walio bado darasani ninalo ombi moja. Punguzeni idadi ya insha, mzisome. Afadhali nne kwa muhula zilizosomwa na kurudishwa na maoni ya sentensi mbili, kuliko kumi zilizopigwa vema jekundu. Na angalau moja kati ya hizo nne iwe na msomaji wa kweli. Tangazo la mahafali waandike wao, libandikwe. Kumbukumbu za baraza la shule waandike wao, zisomwe kikao kinachofuata, wabishane kama ni sahihi. Wasifu uwe wa bibi, wa fundi baiskeli, wa mama anayekamua alizeti, na mhusika asomewe kabla mwalimu hajauona. Mtoto akiona bibi anatikisa kichwa na kusema “Hapana, haikuwa hivyo”, amepata somo la usahihi ambalo kalamu yangu nyekundu haikuweza kulitoa kwa miaka 20.

Mpwa wangu alirudi jioni ile, dumu likiwa limejaa. Aliketi kibarazani akaandika upya, na mara hii nilikaa mbali. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini maji ya Kindai yana chumvi wakati mvua haina? Tukaongea. Ziwa linapokea maji ya mvua kutoka pande zote, halina mto wa kuyatoa, jua linayachukua maji na kuiacha chumvi, mwaka baada ya mwaka. Akasema, “Hiyo tulisoma Jiografia,” kana kwamba Jiografia ilikuwa imetajwa mahali isipotarajiwa, akainama tena.

Giza lilipoanza kuingia alinisomea. “Kwetu kuna madumu mawili. La njano ni la kunywa na kupikia, la bluu ni la kufulia, na mdogo wangu akiyachanganya wote tunajua.” Mbele kulikuwa na foleni, na mama anayegawa nafasi kwa wazee, na ziwa lisilonyweka linalong'aa kando ya barabara wakati mtu amebeba maji ya kununua. Fasili ya kimiminika ilikuwa bado ipo, ameisogeza aya ya pili. Alisema anaogopa kuiondoa, mwalimu ataitafuta.

Akahesabu maneno kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza. Yalikuwa 309. Akahesabu mara ya pili, yakawa yale yale. Alisoma aya ya foleni akitafuta pa kukata, akaiacha. Akasoma ya ziwa, akaiacha. Kisha akarudi kwenye ile sentensi ya kimiminika na kuanza kuigusa neno kwa neno: maji, ni, kimiminika, kisicho, na, rangi, harufu, wala, ladha. Akaninyanyulia uso.

“Mjomba, ni tisa.”